Niliwafuta Kunguru kwenye Wimbo wa Anjela

SEHEMU YA TISA

Jumapili iliyopita niliwaacha mlangoni kwangu, hapa Chanji, Sumbawanga. Anjela amesimama nje, mimi nimeshika komeo, sijui nimkaribishe au nimfungie. Aliyeanza kusoma leo asihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Nitamdokezea, tena kwa kifupi, maana yenyewe si hadithi ya kujivunia.

Mimi ni Isdori, mpiga gitaa. Mwaka 2005, kijijini kwetu juu ya uwanda wa Ufipa, watu walikusanyika kulima matuta katika shamba la Mzee Tadei. Matuta yetu si ya mchezo. Majani yanakatwa, yanalundikwa, yanafukiwa na udongo mpaka yaoze yawe mbolea. Kazi hiyo inavunja mgongo, kwa hiyo pombe ya ulezi inakuwepo na nyimbo zinakuwepo.

Na nyimbo zenyewe ni za kusemana. Unaimbwa ukiwa palepale, unacheka, unaendelea na jembe lako. Kazi ikiisha, mama mmoja anatupa konzi ya majani kwenye tuta la mwisho, anayafukia, anasema, "Maneno yamelala humo." Hakuna anayebeba wimbo wa shamba kwenda nao nyumbani. Hata mtoto anayechota maji analijua hilo.

Siku ile aliyeimbwa ni Anjela. Mumewe, Flavian, alikuwa ameshuka Kirando, kule ziwani, kwenye dagaa na amekawia kurudi. Anjela akamfuata, akaambiwa yuko majini, akapewa gunia la dagaa, akarudi nalo bila mume. Wanawake wakamshukia kwa Kifipa. Mimi naweka kwa Kiswahili:

"Anjela we, Flavian yuko wapi?"

"Nimemwacha Kirando."

"Anafanya nini Kirando?"

"Anafukuza kunguru kwenye dagaa."

"Na hili gunia umelitoa wapi?"

"Basi jamani, nimemuuza!"

Majibu yote aliyaimba Anjela mwenyewe, na mimba yake ya miezi mitano, akicheka mpaka akaegemea mpini wa jembe.

Mimi nikaubeba wimbo. Nikautia gitaa la umeme, nikaupunguza mwendo ili ulie vizuri. Mstari wa kunguru haukukaa kwenye mapigo, nikaufuta. Sasa, kicheko chote kilikuwa kwa hao kunguru. Ukishawaondoa, unabaki na gitaa linaloomboleza na mwanamke anayekiri kwamba amemuuza mume wake. Mtangazaji mmoja wa redio akauita roki ya kienyeji. Wimbo ukapaa, Flavian hakurudi, na watu wakaunganisha wenyewe.

Wimbo ukishatoka nyumbani, kila apitaye anautia chumvi. Mwaka 2007 kwaya moja ya mjini ilitoa wa kwao. Wakaongeza ubeti kwamba damu ya Flavian inalia chini ya ziwa. Nani aliwaambia kuna damu? Hakuna. Sauti ya nne haikuwa na kitu cha kuimba, wakaipa damu. Miaka miwili baadaye watu wa kijijini walibomoa nyumba ya Anjela mchana kweupe, wakiimba ubeti huohuo, akahamia Izia na mtoto wake mkononi.

Mwaka 2014 kijana wa hapa Chanji, Yonas, akautia midundo ya kompyuta, akauita "Kauza". Huo ndio mlioucheza kwenye maharusi. "Kauza mume, kesho atauza nani?" Watoto wa shule nao wakatengeneza wa kwao wa kurukia kamba. Rahel, binti wa Anjela, alikuwa darasa la tatu, na walimwita aje aruke wakiuimba.

Mimi je? Mimi nilikuwa jukwaani. Kila ulipotoka wimbo mpya nilialikwa kusema kwamba mwanzilishi ni mimi, nami nilikwenda na shati limepigwa pasi.

Na wiki iliyopita niliwaungamia lile ambalo hata padri sijamwambia. Mwaka huohuo wa 2007 nilikwenda Kirando kupiga muziki, nikamkuta Flavian mzima wa afya, ana mke mwingine, anajiita Alois. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba yeye ndiye aliyemkimbia Anjela, hakuna aliyemuuza wala kumzamisha. Nikarudi Sumbawanga nikanyamaza. Mume akiwa hai, wimbo wangu unarudi kuwa wa kuchekesha, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuliliwa.

Basi hapo ndipo nilipokuwa, komeo mkononi, na Anjela nje.

*

"Kaka Isdori, bado hujanikaribisha," akasema.

"Karibu, karibu ndani."

Hakukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akakunja kanga magotini. Miaka ishirini nilikuwa nimemkwepa sokoni, njiani na kanisani, na sasa nilimwona kwa karibu. Alikuwa mwembamba, na nywele za mbele zimeshakuwa nyeupe.

"Rahel anaposwa," akasema.

"Hongera."

"Ngoja kwanza. Anaposwa na kijana anaitwa Maganga, mtoto wa Mzee Mboje. Wale Wasukuma wenye ng'ombe bondeni. Watoto wamependana. Jumamosi wazee walikuja nyumbani, baba mkubwa Tadei akawapokea, mambo yakaenda vizuri. Tukiwa tunapakua chakula, simu ya Mzee Mboje ikalia."

Akaikunja tena kanga magotini.

"Ikaniimba mimi," akasema.

Nikatazama sakafu.

"Yule mzee hana kosa, aliwekewa na wajukuu. Akaipokea, akazungumza habari za ng'ombe wake, akakata. Ndipo mtu mmoja wa kwao akamwinamia sikioni, akamwambia, Anjela wa kwenye simu yako ndiye huyu anayekupakulia ugali. Mzee akaondoa mkono kwenye sahani. Akasema ng'ombe wake hawaingii kwenye nyumba iliyouza mume."

"Lakini wewe hukumuuza."

"Unaniambia mimi?" Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Kamwambie yeye. Ametupa mpaka Jumamosi hii. Anataka Flavian. Kama yu hai aje aseme, kama amekufa tumwonyeshe kaburi. Bila hivyo posa imekufa, na Rahel hataposwa na mwingine Rukwa hii. Simu wanazo wote."

"Sasa kwangu umekuja kufuata nini?"

Jamani, nilijua. Nilidhani amejua kwamba nilimwona Flavian. 

"Wewe umezunguka nchi nzima na jina langu," akasema. "Nikawaza, huko kote, labda kuna mahali ulimsikia. Sina mwingine wa kumwuliza, kaka."

Hakujua kitu. Alikuja kwangu kama mtu anayeuliza njia kwa mpita njia.

"Nitamtafuta," nikasema.

Anjela akashuka kwenye kigoda. Akapiga magoti kwenye sakafu yangu, akapiga makofi taratibu, yale ya kwetu ya kumshukuru mkubwa. Nikamwacha apige mpaka akamaliza. Sikumwinua, wasomaji wangu, na hilo nalo liandikwe.

*

Kesho yake nilipanda gari la alfajiri, nikapita Namanyere, nikateremka Kirando kabla ya adhuhuri. Sikuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye vichanja vya dagaa, mahali nilipomwacha miaka kumi na minane iliyopita.

Nikamkuta. Amenenepa, amevaa kofia, ameshika fito ndefu, anafukuza kunguru kwenye dagaa. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa walikuwa wanaimba ule wa Yonas, "Kauza mume, kesho atauza nani," na yeye anaitikia kwa nyuma, tena kwa sauti nzuri.

"Alois," nikamwita.

Aligeuka. Fito ikashuka.

"Fundi," akasema. "Umezeeka."

Tukasogea pembeni. Nikamweleza yote, Rahel, Mzee Mboje, Jumamosi. Alisikiliza huku anakwangua matope kwenye kiatu.

"Siji," akasema.

"Ni mtoto wako."

"Herieth hajui kama nina mtoto kule. Nina wanne naye hapa. Wakwe zangu wananijua kwa jina la Alois. Unataka niende kufufuka Izia?"

"Usipokuja, naenda kwa Herieth sasa hivi namtajia jina lako la ubatizo."

Flavian akacheka. Kicheko chake kilikuwa kilekile cha kijijini.

"Nenda," akasema. "Nami nitapanda gari niende kwa Anjela, nimweleze mwaka gani mimi na wewe tulikula samaki pamoja hapahapa. Nani ataumia zaidi, fundi?"

Mkuki kwa nguruwe. Nikakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa kwa matengenezo. Yeye ndiye aliyeniokoa, au nilidhani ananiokoa.

"Tufanye hivi," akasema. "Nitakuja. Nitasema mimi ni mzima, basi, wamwoze mtoto. Wewe utasema umenitafuta ukanipata wiki hii. Mwaka 2007 hatukuonana. Kila mtu abaki na uongo wake."

Tukapeana mikono. Herieth aliambiwa kuna msiba.

Na sasa sikieni upumbavu wangu. Nikiwa kwenye gari la kurudi nilianza kujiona mkombozi. Jumatano nilimtumia Anjela ujumbe, "Usihofu, jibu ninalo, Jumamosi nakuja nalo." Sikumwandikia kama ni mzima au mfu. Nilitaka niingie naye mlangoni watu wapige kelele. Mwanamke yule alikaa siku tatu hajui kama ni mke au mjane, kwa sababu msanii alitaka mlango wake wa kuingilia.

*

Jumamosi saa saba mchana sebule ya Anjela kule Izia ilikuwa imejaa. Mzee Mboje alikaa kwenye kiti kikubwa, kofia ya pama magotini, fimbo katikati ya miguu. Kando yake kijana wake, Maganga, ameinamisha kichwa. Upande wa pili Mzee Tadei, baba mkubwa wa Anjela, na wazee wawili wa kijijini. Wanawake kwenye mkeka. Fransiska, wifi yake Anjela, alikuwa anapita na birika akiwanawisha watu mikono.

Nikaingia. Nyuma yangu akaingia Flavian, akavua kofia.

Kelele nilizozitaka hazikutoka. Mzee Tadei alinyanyuka nusu, akakaa tena. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba. Anjela alikuwa ameshika bakuli. Aliliweka chini bila kulimwaga, akamsogelea Flavian mpaka karibu.

"Umenenepa," akasema.

 Akarudi kwenye mkeka.

"Huyu ndiye Flavian?" Mzee Mboje akauliza.

"Ndiye," Tadei akajibu. "Mimi ndiye niliyemsimamia ndoa."

"Basi mzimu umekuja na viatu." Watu wa Mboje wakacheka kidogo, nami nikapumua. Maganga akainua kichwa akatazama mlango wa chumbani, mahali Rahel alipokuwa. Nikasema moyoni, imekwisha, Isdori, umepona.

Lakini Mzee Mboje hakuwa amemaliza. Mtu aliyehama na ng'ombe kutoka Usukumani mpaka bonde la Rukwa hachoki haraka.

"Bhabha," akamwambia Flavian, "nashukuru u mzima. Sasa nieleze mimi mjinga. Ulimwacha mke ana mimba. Miaka ishirini hukumletea hata debe la mahindi. Kwa nini?"

Flavian akanitazama. Akamtazama Tadei, ambaye sasa alikuwa amekunja ngumi juu ya goti. Akawatazama wale wazee wawili wa kijijini. Nilimwona anavyotafuta pa kutokea, na nilimwona alivyopaona.

"Mzee wangu," akasema kwa unyonge, "si mnaimba wenyewe?"

"Tunaimba nini?"

"Kwamba aliniuza. Ni kweli aliniuza. Alikuja Kirando, tajiri wa mtumbwi akampa gunia la dagaa, mimi nikabaki rehani. Nikafanya kazi ya lile gunia kama punda. Nilipomaliza, kila redio inaimba nilivyouzwa. Ningerudi na uso gani?"

Sebule nzima ikaguna. Anjela alifumba macho. Maganga alishika kichwa, na Mzee Mboje akavaa kofia yake, akaikaza vizuri.

"Mwongo!" Tadei akafoka. "Flavian, mwongo mkubwa wewe!"

"Basi mwulizeni mwenye wimbo," Flavian akasema. "Huyu hapa."

Fimbo ya Mzee Mboje ikanyooka kunielekea.

"Wewe ndiwe uliyetunga?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Alimuuza, hakumuuza?"

"Hakumuuza. Ulikuwa utani wa shambani, mzee wangu. Kwetu mkilima mnasemana, na kazi ikiisha maneno yanafukiwa kwenye tuta. Hayahesabiki tena. Hata yeye mwenyewe aliimba akicheka."

Mzee Mboje akafikiri. Nilimwona anajitahidi kunielewa, maskini.

"Kwetu Usukumani," akasema, "wimbo wa jembe unatembea. Unaimbwa shambani, unaimbwa kwenye ngoma, unaimbwa mnadani. Ukiwa uongo, mwenyewe anajibu kwa wimbo wake. Sasa wewe unaniambia kwenu maneno yanafukiwa. Haya, yalifukiwa?"

"Yalifukiwa."

"Nani aliyafukua?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu nililokuwa nalo ni moja tu.

"Na ulipoyafukua na kuyapeleka redioni," akaendelea, "ulikuwa unajua ni uongo. Basi maneno yako wewe yana uzito gani hapa? Mwongo mmoja anamkanusha mwongo mwenzake, na mimi nitoe ng'ombe. Maganga, inuka twende."

Wakaanza kuinuka. Ndipo pazia la chumbani likafunguka, Rahel akatoka. Mchumba hatoki mpaka aitwe, na mama zake kwenye mkeka wakamzomea kwa sauti ya chini, hakujali. Alikuwa na macho makavu.

"Shikamoo Mzee Isdori," akasema.

"Marahaba, mama."

"Mama alikuja kwako Jumatatu. Jumatano ulituma ujumbe kwamba jibu unalo. Wajomba, mapadri na polisi hawakumpata mtu huyu. Wewe umempata kwa siku moja. Ulijuaje pa kwenda?"



Flavian alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Kila mtu abaki na uongo wake. Nilikuwa na uongo tayari, nilikuwa nimeufanyia mazoezi njiani, kwamba mvuvi mmoja alinielekeza. Ulikuwa mzuri. Ungenitoa pale mzima, na Rahel angebaki mtoto wa mwanamke aliyeuza mume mpaka azeeke, naye azae watoto wa kurukishwa kamba.

Msinisifu. Sikuwa jasiri. Nilimtazama yule binti nikaona ameshajua, kwamba alikuwa ananipa nafasi tu ya kulisema mwenyewe.

"Nilijua yuko pale," nikasema. "Nilimwona mwaka 2007. Tulikula pamoja. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba alimkimbia mama yako kwa sababu alipata mwanamke mwingine, na kwamba lile gunia la dagaa alilituma yeye mwenyewe ili mama yako aondoke upesi asimfumanie. Hakuna tajiri wa mtumbwi. Anajiita Alois, ana mke anaitwa Herieth, na watoto wanne."

"Huyu anawachanganya!" Flavian akapiga kelele.

"Mkitaka, pigeni simu Kirando. Ulizeni Alois wa vichanjani ametoka na nani."

Maganga tayari alikuwa ameshika simu. Ana binamu anapeleka ng'ombe Kirando. Akaongea Kisukuma kidogo, akasubiri, akaongea tena. Tulikaa tunamtazama mdomo. Kisha akamwinamia baba yake sikioni.

Mzee Mboje akakaa. Akaivua tena kofia, akaiweka magotini.

"Mwanamke huyu hana kosa," akasema. "Mimi na simu yangu ndio tuliomkosea. Mama, unisamehe. Ng'ombe watakuja."

Vigelegele vikapasuka. Wanawake waliruka kutoka mkekani, mmoja akambeba Rahel juujuu, Maganga akacheka na kulia kwa pamoja. Wale wazee wa kijijini, walioitazama nyumba ya Anjela ikibomolewa wasiseme neno, nao walipiga makofi. Flavian alikuwa ameegemea ukuta, hakuna aliyemtazama tena.

Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nilisikia nimetua mzigo. Nikawaza kwamba siku moja nitautungia wimbo mchana huu.

Anjela hakupiga kigelegele.

"Isdori," akasema. Kaka ilikuwa imeondoka. "Mwaka 2007, mwezi gani?"

"Wa nane."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ilikuwa Nane Nane, tulialikwa kupiga kwenye sherehe."

Alikunja kidole kimoja, akakunja cha pili, akakunja cha tatu. Kelele zikaanza kupungua, moja moja, kwa jinsi alivyokuwa anaviangalia vile vidole.

"Wa nane, wa tisa, wa kumi," akasema. "Benjamini aliondoka wa kumi."

Benjamini alikuwa kaka yake, tumbo moja. Nilijua kwamba alizama ziwani mwaka ule, Ufipa nzima ilijua. Vijana wengi wa uwandani hushuka kwenye dagaa, nikachukulia kwamba naye alifuata dagaa. Sikuwahi kuuliza. Nilipiga gitaa kwenye matanga yake, na mama yao, akiwa bado hai, alinishukuru kwa kuja.

"Hakwenda kuvua," Anjela akasema. "Kwaya ilipoimba kwamba damu iko ziwani, aliamini. Akasema atautafuta mwili wa shemeji yake, auzike, watu waninyamazie. Alipita Kirando yote akiulizia maiti. Maiti, Isdori. Mtu akiulizia maiti, nani atamwonyesha aliye hai? Mwisho akaazima mtumbwi akatafute mwenyewe, na hakujua hata kupiga kasia."

Akanionyesha vile vidole vitatu. 

"Ungesema mwezi wa nane," akasema. "Neno moja tu, hata kwa karatasi, hata kwa kumtuma mtu."

Mzee Mboje akakusanya fimbo yake na kofia yake. Alikuwa mtu wa heshima, alizungumza kwa sauti ya chini.

"Posa tumeimaliza," akamwambia Tadei. "Hili lingine ni la wenye nyumba, mgeni hakai. Tutarudi siku nyingine kula."

Wakatoka mmoja mmoja, Maganga na Rahel nyuma yao, na Flavian akajichomeka katikati yao kama mmoja wa wageni. Hakuna aliyemzuia. Nami nikainuka, nikainama kama mtu anayeaga, nikaelekea mlangoni.

Fransiska alikuwa amesimama pale, birika la kunawia bado liko mkononi. Miaka kumi na minane amekuwa mjane wa Benjamini, mjane wa mtu asiye na kaburi.  Alingoja mgeni wa mwisho apite, akaufunga mlango, akaweka birika chini mbele yake.

"Wewe kaa," akaniambia. "Kaa utueleze polepole. Siku ile ya matanga, ulipokuwa unanipigia gitaa nikilia, na unajua kwamba Flavian ni mzima, ulikuwa unawaza nini?"